Uvira: Kazi ndogo ya kupima maji ambayo mji mzima unaitegemea

Kila mara ziwa Tanganyika linapopanda na kuingia katika nyumba za wakaaji wa Uvira na Kalemie, watu huuliza mambo mawili: limepanda kiasi gani, na litarudi lini? Viongozi huuliza hivyo hivyo, mashirika ya misaada pia, na sisi waandishi wa habari hatubaki nyuma. Jibu huja na namba, nasi tunaipokea kama vile imejiandika yenyewe. Lakini kuna mtu aliyeshuka hadi ukingoni kuisoma. Mara nyingi ni kijana mwenye diploma ya serikali tu, anayelipwa kwa siku, asiye na meza wala kiti katika ofisi yoyote. Vyombo vyake ni ubao uliochorwa sentimita, penseli na daftari.

Watafiti humwita msaidizi wa uwanjani. Ndiyo ngazi ya chini kabisa katika sayansi ya maji, na watu wengi wanaoifanya huko Kivu ya Kusini na Tanganyika hawakuitafuta: walisikia kwa jirani au kwa mwalimu kwamba mradi fulani unahitaji mtu anayejua kusoma, kuandika na kuamka mapema. Sharti hilo la tatu ndilo huwashinda wengi.

Kazi yenyewe, kwa kuitazama, haina kitu cha kushangaza. Ubao wa kipimo husimamishwa majini, umepigiliwa kwenye nguzo au ukuta wa bandari, na msaidizi anasoma mahali uso wa maji unapougusa. Saa moja asubuhi, na mara nyingi tena jioni. Anaandika tarehe, saa, namba, na neno moja au mawili kuhusu hali ya ziwa: limetulia, lina mawimbi, mvua inanyesha. Kisha anarudi nyumbani. Kesho vilevile. Siku ya Noeli vilevile, siku ya uchaguzi vilevile, siku ya kilio katika familia anatafuta mtu wa kumwachia daftari.

Ugumu unaanza na mawimbi. Ziwa halisimami kama maji ya ndoo. Wimbi linapanda hadi 84, linashuka hadi 76, linapanda hadi 83. Mgeni katika kazi huchagua namba iliyompendeza. Aliyefundishwa vizuri anangoja, anatazama mawimbi kadhaa, anasoma juu na chini, kisha anachukua katikati. Dakika tatu au nne za kusimama bila kufanya kitu, huku wavuvi waliorudi na ndagala wakimtazama na kumuuliza: “Papa, unahesabu nini hapo kila siku?”

Swali lao ni zuri. Uso wa ziwa Tanganyika una ukubwa wa karibu kilomita za mraba 32,600. Kwa hiyo sentimita moja tu ya kupanda au kushuka ni zaidi ya mita za ujazo milioni 300 za maji, kiasi ambacho mji wa Uvira usingekimaliza kwa miaka mingi. Anayesoma 79 badala ya 80 kwa sababu ya uvivu ameliondoa ziwa hilo dogo lote kwenye hesabu. Na ziwa hili lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga huko Kalemie, unaopeleka maji yake kwenye Lualaba. Sehemu kubwa ya maji yanayopotea hayapiti hata huko, yanapaa na jua. Anayetaka kujua kama ziwa litaendelea kupanda lazima ajue mvua iliyoingia, maji yaliyopita Lukuga, na kiwango cha ziwa cha jana, juzi na mwaka jana. Vyote hivyo ni namba za watu wa ubao na penseli.

Historia ya ziwa lenyewe inaonyesha kwa nini kumbukumbu ya mdomo haitoshi. Mwaka 1874 Mwingereza Cameron alifika Lukuga na kudai kwamba ndiko ziwa linakotokea. Miaka miwili baadaye Stanley alipita hapo hapo, akakuta mto umezibwa na mchanga na matete, akakataa. Baada ya muda mfupi, karibu mwaka 1878, ziwa lilijaa likavunja kizuizi hicho, na kiwango chake kikashuka kwa mita kadhaa katika miaka iliyofuata. Wote wawili walisema walichokiona, na ubishi wao ulitokana na kitu kimoja: hapakuwa na mtu wa kukaa hapo na kuandika kila siku.

Katika mji wa Uvira, ziwa ni nusu tu ya hatari. Nusu nyingine iko nyuma ya mji, milimani. Mito Mulongwe, Kalimabenge na Kavimvira inashuka kwa kasi kutoka kwenye miteremko na kukata mji kabla ya kufika ziwani. Usiku wa mafuriko ya Aprili 2020, Mulongwe ilibomoa nyumba nyingi na kuua makumi ya watu. Mvua inaweza kunyesha juu huku mjini watu wakitandika nguo juani, kisha maji yakafika yakiwa na mawe. Kwa hiyo msaidizi mwingine, ambaye huenda hajawahi hata kukanyaga ufuko, ana kazi ya kipimo cha mvua huko juu. Kila asubuhi anamimina maji yaliyokusanywa kwenye chupa yenye alama, anasoma milimita, anamwaga, anakirudisha chombo mahali pake. Milimita moja ni lita moja katika kila mita ya mraba. Mvua ya milimita 20 juu ya bati la mita za mraba 30 ni lita 600, yaani bidoni 30 za manjano. Sasa fikiria mlima mzima.

Kupima mto ni hatari zaidi. Miradi yenye pesa ina mashine za kupima kasi ya maji kwa sauti, zinazovutwa juu ya kiboya kidogo. Pasipo mashine, kuna njia ya zamani ambayo bado inafundishwa: unapima mita 20 kando ya mto, unatupa chungwa juu, unahesabu sekunde hadi lifike chini. Kasi ya juu unaizidisha kwa karibu 0.85, kwa kuwa maji ya chini yanasuguana na mawe na kwenda polepole. Kisha unapima upana na kina, unazidisha, unapata mita za ujazo kwa sekunde. Hesabu ya shule ya sekondari. Lakini kupima kina ni lazima mtu aingie majini, na hapo kuna kanuni ambayo kila msaidizi angepaswa kuandikiwa kwenye jalada la daftari lake: zidisha kina kwa mita na kasi kwa mita kwa sekunde, na jibu likikaribia 1, baki ukingoni. Maji ya kufika mapajani yanayokwenda mbio yanatosha kumwangusha mwanaume mzima. Siku ya mafuriko ndiyo siku ambayo watafiti wanaitamani namba kuliko siku zote, na ndiyo siku ambayo msaidizi anapaswa kukataa.

Kuna pia kazi ya chupa. Maji ya kupimwa vijidudu yanachukuliwa katika chupa iliyotakaswa, na chupa hiyo haioshwi kwa maji ya mto kwanza, tofauti na chupa za kupima chumvi na madini ambazo huoshwa mara tatu. Hili huwachanganya wengi. Kidole hakigusi mdomo wa chupa wala ndani ya kifuniko. Unaishika chini, unaizamisha kichwa kikiwa chini, kisha unaigeuza kuelekea maji yanakotoka. Halafu inaingia kwenye sanduku la barafu na kufika maabara haraka, ndani ya saa 6 ikiwezekana, kwa sababu vijidudu vinaendelea kuzaa au kufa njiani na maabara itapima kitu kingine kabisa. Barafu, katika mji ambako umeme hukatika bila kuaga! Kazi ya asubuhi nzima inaweza kuharibika kwenye pikipiki kwa sababu sanduku lilikuwa na maji ya vuguvugu.

Na kuna kupima klorini kwenye bomba. Kidonge kimoja ndani ya kijichupa, maji yakigeuka rangi ya waridi klorini ipo, yakibaki meupe haipo. Unalinganisha rangi na kadi. Chini ya miligramu 0.2 kwa lita, maji yaliyofika kwa mama huyo anayejaza bidoni hayana tena kinga yoyote yakichafuka njiani. Kipimo hiki ni cha dakika chache na hakihitaji digrii.

Kipindupindu hakitoki Uvira, na hapo ndipo kazi hizi ndogo zilionyesha thamani yake. Mwaka 2015, mtafiti Aurélie Jeandron na wenzake walichapisha uchunguzi uliotumia vitu viwili vya kawaida kabisa: hesabu ya kila siku ya maji yaliyotoka kwenye mitambo ya Regideso ya Uvira, na hesabu ya kila siku ya wagonjwa waliopokelewa katika kituo cha kutibu kipindupindu, kuanzia 2009 hadi 2014. Walipoziweka namba hizo pamoja, waliona kwamba siku moja isiyo na maji ya bomba, ikilinganishwa na siku ambayo mitambo ilifanya kazi vizuri, ilifuatiwa na ongezeko la wagonjwa la asilimia 155 katika siku 12 zilizofuata. Akina mama wa Uvira walijua kwamba bomba likikauka watu wanarudi ziwani na mtoni, na ugonjwa unafuata. Lakini kujua kwa akina mama hakukuwahi kuwashawishi wafadhili. Namba za kila siku za miaka 6 ziliwashawishi wasomaji wa jarida la sayansi. Mtu fulani, kwa zamu yake, alisoma mita ya maji na kuandika. Mwingine alihesabu waliolazwa. Hakuna kati yao aliyekuwa akifanya utafiti. Walikuwa wakifanya kazi yao.

Hapa ndipo penye jambo gumu zaidi, ambalo halisemwi wazi kwenye mafunzo. Kila msaidizi wa uwanjani, mapema au baadaye, anaamka akiwa na homa, au mvua inamzuia, au pikipiki haipo, na ubao haukusomwa. Jana ulikuwa 80. Juzi 79. Leo utakuwa 80 au 81, nani atajua? Penseli ipo mkononi. Msimamizi yuko Bukavu au Kinshasa, au ng'ambo, na anataka jedwali lisilo na mapengo. Tena kuna miradi inayokata pesa ya siku ambayo haikuandikwa namba. Kwa maneno mengine, mradi unamlipa kijana ili adanganye, kisha unashangaa.

Namba ya uongo ni mbaya kuliko pengo. Pengo linajulikana: mtafiti analiona, analiruka au analijaza kwa hesabu anayoieleza wazi. Namba ya uongo inaingia kimya, inakaa kati ya namba za kweli, na hakuna anayeweza kuitoa. Siku ziwa lilipopanda ghafla, daftari litasema lilitulia. Anayechora ramani ya sehemu za mji zisizofaa kujengwa ataamini daftari.

Lakini si kwamba uongo haujulikani kabisa. Watu wanaopokea madaftari haya wana mbinu zao. Mkono wa mtu anayebuni hupenda namba zinazoishia kwa 0 na 5, wakati ziwa halina upendeleo huo. Namba ileile inarudiwa siku tisa mfululizo katikati ya masika. Mvua imeandikwa 10, 15, 20, 10, haipatikani hata 7 wala 13. Wino ni uleule na mwandiko una mwendo uleule kwa mwezi mzima, ukurasa hauna tone la maji wala alama ya tope: daftari lililoandikwa sebuleni usiku mmoja. Ndiyo sababu mabwana wa kazi hii wanasisitiza penseli, kwa kuwa wino unayeyuka ukilowa, na wanakataza kifutio. Ukikosea unapiga mstari mmoja juu ya namba, ya zamani ikiendelea kusomeka, unaandika mpya pembeni na herufi za jina lako. Daftari chafu lenye mistari linaaminika kuliko lililo safi. Na pengo linaandikwa kama pengo: kistari, na sababu. Si sifuri. Sifuri katika kipimo cha mvua maana yake “nilienda, hapakuwa na mvua”. Kistari maana yake “sikwenda”. Kuna mfululizo wa namba ulioharibika kwa kukosa kutofautisha alama hizo mbili.

Msimamizi mwenye busara analipa siku ya pengo kama siku nyingine, angalau mara chache kwa mwezi. Ni bei ndogo ya ukweli.

Kuna namba zinazongoja muda mrefu mno kabla ya kutumika. Kati ya 1911 na 1913, daktari Mbelgiji Louis Stappers aliongoza safari ya uchunguzi kwenye ziwa Tanganyika, na moja ya kazi ilikuwa kuteremsha kipimajoto hadi kwenye kina. Wakati huo hakuna aliyekuwa akisema habari za kupanda kwa joto la dunia. Miaka 90 baadaye, mwaka 2003, vikundi viwili vya watafiti vililinganisha joto la mwaka 1913 na la siku zetu, wakaonyesha kwamba ziwa limepata joto na kwamba tabaka zake hazichanganyiki tena kama zamani, kwa hiyo chakula cha samaki kinachopanda kutoka chini kimepungua. Kimoja kati ya vikundi hivyo kilikadiria kwamba hilo linaweza kupunguza mavuno ya samaki kwa karibu asilimia 30. Bila namba za 1913, wavuvi wa leo wangelaumiwa peke yao kwa nyavu tupu.

Kinshasa nako wana mfano wao. Kiwango cha mto Kongo kimeandikwa huko tangu mwanzo wa karne ya 20. Mwezi wa Januari 2024 maji yalipofika mita 6.20, watu wa Régie des Voies Fluviales waliweza kusema mara moja kwamba yamekaribia mita 6.26 za mwaka 1961. Onyo lilikuwa na uzito kwa sababu kulikuwa na mtu mwaka 1961. Katika sehemu nyingine za nchi hakuna namba za namna hiyo: enzi za ukoloni bonde la Kongo lilikuwa na mamia ya vituo vya kupima maji, na vinavyofanya kazi leo ni vichache sana.

Wapo wanaosema satelaiti zitamaliza kazi hii. Ni kweli kwamba tangu miaka ya 1990 satelaiti zinapima urefu wa maziwa makubwa, na SWOT, iliyorushwa Desemba 2022 na Marekani na Ufaransa, inaona hata mito. Lakini satelaiti haipiti juu ya Uvira kila asubuhi, haionji klorini kwenye bomba la Kasenga, na wenye satelaiti wenyewe wanahitaji mtu chini wa kuwaambia kama ilichokiona ni sahihi.

Maji yakipanda sana kuna kazi nyingine inayosahaulika. Ubao unazama au unang'olewa, na msaidizi, kwa nia njema, anaupigilia tena juu kidogo. Siku hiyo amekata historia ya kituo vipande viwili. Ubao mpya lazima upimwe kutoka kwenye alama ya kudumu, ile misumari au saruji iliyowekwa mahali pakavu, na fundi mwenye chombo cha kupima usawa. Kama fundi hayupo, kusanya picha, andika tarehe, weka alama ya rangi ukutani palipofika maji, na usiguse kitu kingine.

Swali la pesa haliwezi kukwepwa. Miradi mingi ni ya miaka 2 au 3. Wakati wa mradi kuna primu, buti, koti la mvua na vocha za telefoni. Mradi ukiisha, gari linaondoka na nembo yake mlangoni, na kijana anabaki na ubao. Wengine wanaendelea kusoma kwa miezi bila malipo kwa sababu wameizoea ile namba ya asubuhi na wanaona aibu kuiacha. Ni uzalendo ambao haupaswi kuombwa kwa mtu mwenye watoto. Ziwa halina mwisho wa mradi, na ni ajabu kwamba katika bajeti za mamilioni ya dola, mshahara wa msoma ubao ndio wa kwanza kukatwa.

Hata hivyo, kwa kijana wa Uvira, Baraka, Fizi au Kalemie, huu bado ni mlango. Katika Kituo cha Utafiti wa Hydrobiolojia cha Uvira, CRH, na katika miradi inayopita, anayejulikana kwa daftari la kweli huitwa tena, hufundishwa mashine, hupelekwa kwenye mashua, na akipata nafasi ya kurudi masomoni anakuwa na kitu ambacho wanafunzi wengi hawana: ameyaona maji yenyewe kwa mwaka mzima.

Anayeitwa kwa kazi hiyo aulize kwanza kabla ya kupokea buti. Pesa ya siku ni kiasi gani, na siku ya ugonjwa je? Nani analipa pikipiki? Jaketi la kuokolea lipo, au ni moja kwa watu watatu? Kuna barua ya kazi yenye muhuri? Hili la mwisho si dogo: katika eneo lenye watu wa silaha, mtu anayetembea ukingoni na sanduku, waya na telefoni inayopiga picha anaweza kudhaniwa mpelelezi, na wapo waliolala mahabusu kwa ajili ya chupa za maji. Amwone chefu wa kartie na viongozi wa usalama kabla ya siku ya kwanza, awaonyeshe daftari, awaache walishike. Na kila Jumamosi apige picha kurasa zote za juma na kuzituma kwa mtu mwingine. Nyumba zilizo karibu na ziwa huingiwa na maji, na madaftari mengi huwa chini ya kitanda.